Mchezo wa Kuongozana Gizani: Funzo la Runinga kwa Madarasa Yetu

Imekuwa ada miongoni mwetu sisi walimu kuitaja runinga kama hasimu wa masomo. Mwanafunzi akikosa kukamilisha zoezi la nyumbani, lawama huiangukia runinga. Akiandika insha iliyosheheni maneno ya mitaani, mshtakiwa huwa ni yule yule. Mimi pia nimewahi kuketi katika baraza hilo la washtaki na kuwahutubia wazazi kuhusu madhara ya sanduku hilo lenye picha. Leo, hata hivyo, naomba msomaji aniruhusu nisimame upande wa pili na kumtetea mshtakiwa, kwa sababu kipindi kimoja cha runinga, tena cha watoto, kilinifunza jambo kuhusu ufundishaji wa Kiswahili ambalo sikuwa nimelipata katika chuo cha ualimu wala katika semina zote nilizohudhuria.

Kipindi chenyewe kiliitwa Knightmare. Kilianza kuonyeshwa nchini Uingereza mnamo Septemba 1987 kupitia ITV, kikitayarishwa na kituo cha Anglia katika mji wa Norwich, na kikaendelea hadi Novemba 1994. Kwa jumla zilitolewa awamu 8 zenye sehemu 112. Mbunifu wake, Tim Child, alikuwa amevutiwa na michezo ya kompyuta ya siku zile, ambamo kikaragosi kidogo huzunguka ndani ya ngome kikitafuta hazina na kukwepa mazimwi. Yeye alimwondoa kikaragosi, na mahali pake akamtia mtoto halisi. Nilionyeshwa kanda zake na rafiki yangu aliyewahi kusoma Uingereza, na kwa muda nilidhani ananipotezea wakati.

Mchezo ulikuwa hivi. Timu ilikuwa ya watoto wanne. Mmoja wao alivishwa kofia kubwa ya chuma yenye pembe, iliyomfunika macho hata asione mbele, isipokuwa miguu yake na kipande kidogo cha sakafu. Huyo ndiye aliyeingia katika ngome ya kale yenye vyumba vya mawe, madaraja membamba, mashimo, mabuu makubwa, vizuka na wachawi. Wenzake watatu walikaa chumba kingine pamoja na bwana wa ngome aliyeitwa Treguard, ambaye aliigizwa na Hugo Myatt. Wao waliona kila kitu kupitia kioo cha runinga, ila hawakuweza kugusa chochote. Mwenye miguu hakuwa na macho, na wenye macho hawakuwa na miguu. Kilichowaunganisha kilikuwa kitu kimoja tu: maneno.

Kwa kweli ngome yenyewe haikuwapo. Mtoto alikuwa akitembea katika chumba kitupu kilichopakwa rangi ya buluu, na mitambo ilibandua ile buluu na kuweka mahali pake picha za vyumba zilizochorwa kwa mkono na msanii David Rowe. Ndiyo maana ile kofia ilikuwa ya lazima. Mtoto asiyefunikwa macho angaliona kuta tupu, na ndoto ingalitoweka. Hivyo hitilafu ya kiufundi iligeuzwa kuwa kiini cha mchezo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mbunifu huyo.

Jambo la pili lililonishangaza ni ukali wake. Vipindi vingi vya watoto huwapa washiriki wote zawadi na pongezi, hata waliokosea kila swali. Katika mchezo huu, aliyekosea alikufa, yaani mchezo wake uliishia pale pale na timu nyingine ikaitwa. Chakula kilipopungua mkobani, nguvu za uhai zilipungua pia, na watazamaji walionyeshwa uso ukinyauka hadi ukawa fuvu. Neno la uganga lililohitajika kufungua njia lilipaswa kutajwa herufi moja baada ya nyingine bila kukosea. Katika miaka yote ile, timu zilizofika mwisho hazikutimia hata kumi. Hata hivyo watoto waliupenda, na mchezo wa aina hiyo ukaigwa Ufaransa na Uhispania. Inaonekana mtoto hachukizwi na ugumu. Kinachomchukiza ni ugumu usio na maana.

Huenda msomaji akauliza: haya ya Norwich yanatuhusu nini sisi? Swali hili ni halali, na jibu langu ni kwamba mchezo huu, ukiuvua joho lake la Kizungu, utaukuta ni jamaa yetu wa karibu.

Hebu tumkumbuke Fumo Liongo, shujaa na malenga wa Pwani yetu. Simulizi lasema alifungwa gerezani kwa minyororo, na walinzi wakawa wanakula kila chakula kizuri alicholetewa. Liongo akamtuma mjakazi Saada kwa mama yake na ujumbe uliofumbwa kwa mashairi, ambao walinzi waliusikia wasiuelewe. Mama akaufumbua. Akaoka mikate mizuri, na pamoja nayo mkate wa wishwa ambao ndani yake alificha tupa. Walinzi wakala mikate mizuri na kumtupia mfungwa ule wa wishwa. Usiku huo watu wakacheza ngoma nje ya gereza, na kelele za ngoma zikaufunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Tazama basi: mtu aliye gizani, mwenzake aliye kwenye nuru, na baina yao maneno yaliyopimwa. Ukosee neno moja, shujaa afe.

Wasomali nao wana simulizi la Wiil Waal, kiongozi wa karne ya 19 wa upande wa Jigjiga, aliyependa kuwapima watu wake kwa mafumbo. Siku moja aliwaamuru wanaume wamletee sehemu ya kondoo inayoweza kuwaunganisha watu au kuwatenganisha. Matajiri walileta mapaja na mbavu zilizonona. Maskini mmoja, kwa ushauri wa binti yake, alipeleka umio, njia ya chakula ambayo hutupwa. Lakini umio ndiyo njia ya uchoyo, na pia ndiyo njia ya ukarimu. Wiil Waal akatambua kwamba mshindi wa fumbo lake hakuwa yule mzee, bali ni msichana aliyekuwa nyumbani akimwongoza kwa maneno. Huo nao ni mchezo wa mtembezi na mshauri.

Tukiongeza kitendawili na tega zetu, na visa vya Shaaban Robert kama Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wabaya hugeuzwa manyani, tutaona kwamba ndoto, ajabu na hatari si bidhaa zinazoagizwa ng'ambo. Tulikuwa nazo kabla ya umeme. Tulichokosa ni kuzitia katika vyombo vya leo.

Sasa nieleze nilivyoujaribu mchezo huu, kwani nadharia bila tendo ni mti usiozaa.

Mimi ni mzaliwa wa Pwani, na kwa miaka kadhaa nilifundisha Griftu, magharibi ya mji wa Wajir. Asiyefika huko huwaza jangwa tu. Ni nchi kavu kweli kweli, yenye vumbi jekundu na vichaka vya miiba, ambako hesabu ya kila siku ni hesabu ya maji. Lakini pia ni nchi ya watu wenye ulimi mwepesi, wanaoheshimu mashairi kuliko sehemu nyingi nilizowahi kuishi, na wazee wanaocheza shax kwa vijiwe mchangani, wakibishana kuhusu kila hatua kama mawakili mahakamani. Wanafunzi wangu walizungumza Kisomali nyumbani, wakasoma Kurani kwa Kiarabu katika duksi alfajiri, na baadaye wakaja kwangu kupambana na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto wa Griftu, kabla hajafika darasa la nne, amekwisha kukabiliana na lugha nne. Sisi humwita mzito akikosea ngeli.

Mwaka wa 2020 ulikuwa mgumu. Januari walimu watatu waliuawa na magaidi huko Kamuthe, Garissa, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka eneo zima la Kaskazini Mashariki. Machi shule zote nchini zikafungwa kwa ajili ya korona, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ikapeleka masomo kwa redio, runinga na intaneti. Lilikuwa wazo jema, ila wengi wa wanafunzi wangu hawakuwa na runinga nyumbani, wala umeme wa kuiwashia. Masomo yaliruka angani juu ya vichwa vyao kama ndege wasiotua. Tuliporejea darasani Januari 2021, walimu tulikuwa wachache kiasi kwamba niliunganisha madarasa mawili, na Kiswahili cha watoto kilikuwa kimekauka kama kisima cha Februari. Waliandika walichokariri. Walipoulizwa jambo nje ya kitabu, waliinamisha vichwa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile kofia yenye pembe.

Nilichukua katoni lililokuwa na pasta kutoka dukani, nikalikata chini hata mvaaji aone miguu yake tu. Uwanjani tukachora ngome kwa mawe, tukafunga kamba za mbuzi kati ya miti, tukaweka debe kuwa kisima na matawi ya miiba kuwa ukuta. Badala ya mazimwi ya Kizungu tulimweka Dhegdheer, jitu la kike mla watu la hadithi za Kisomali, ambalo lina sikio moja refu linalosikia mbali. Msichana mmoja mcheshi alijitolea kuwa Dhegdheer, na kazi yake ilikuwa kumshika mtembezi kila mara washauri walipopaza sauti kupita kiasi. Sheria ilikuwa moja: ushauri wote utolewe kwa Kiswahili.

Timu ya kwanza ilikufa katika hatua ya tatu. Washauri wote watatu walipiga kelele kwa pamoja, mmoja akisema nenda, wa pili simama, wa tatu rudi. Mtembezi alizunguka kama pia, akakanyaga ukuta, na Dhegdheer akamkamata. Wahenga wetu walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile niliona kwamba huharibika, tena upesi, pale wengi wanaponena bila kusikilizana.

Timu ya pili ilikufa kwa sababu ya sarufi. Msomaji asicheke. Mshauri alimwambia mwenzake, “Nenda huko.” Huko wapi, naye haoni? Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha hapa, hapo, pale, huku, huko, kule, humu, humo na mle kwa kuyaandika ubaoni katika jedwali lenye mistari mizuri, na watoto wakayakariri wakapata alama. Ilikuwa mara ya kwanza wao, na pengine mimi pia, kuona kwa nini maneno hayo yapo. Pale ni mahali ninapoweza kuelekeza kidole. Kule ni upande tu. Mle ni ndani ya kitu. Mtu aliyefunikwa macho hana haja ya kidole chako, basi kila neno la kuonyesha linageuka shimo la kumtumbukiza. Watoto wakaanza kutafuta lugha nyingine: hatua mbili mbele, nusu hatua, geuka robo, inua mguu hadi gotini, gusa kwa mkono wa kulia.

Kisha likazuka tatizo la kulia na kushoto. Mshauri alikuwa amesimama akitazamana na mtembezi, hivyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwa mwenzake. Nimeona kosa hili hili katika kanda za kipindi cha Uingereza. Mshauri hawezi kufaulu mpaka aache kutazama dunia kutoka mahali aliposimama, akahamia, kwa fikira, ndani ya mwili wa mwenzake. Nionavyo mimi, somo hilo halihusu lugha pekee. Mwalimu yeyote aliyewahi kufoka kwamba jambo fulani ni rahisi alikuwa akisema kulia kwake mwenyewe.

Palikuwa na mvulana mmoja katika darasa hilo aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake. Alikuwa ameanza shule akiwa amechelewa, baada ya kuchunga ngamia wa baba yake kwa miaka. Alikaa nyuma, hakujibu swali hata moja, na katika mitihani alikuwa miongoni mwa watatu wa mwisho. Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kumweka katika fungu la wale ambao mwalimu huwapitia kwa jicho tu. Siku ya tatu ya mchezo zamu yake ya ushauri ilifika. Aliwanyamazisha wenzake kwa mkono. Akautazama uwanja wote kwa muda, bila kusema, hata watoto wengine wakaanza kumcheka. Kisha akaanza kwa sauti ya chini ambayo Dhegdheer hakuweza kuidai. “Simama. Sikiliza mimi peke yangu. Hatua moja. Hatua moja. Ukuta uko kulia kwako, mkono mmoja. Usiogope.” Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, pengine hakikuzidi maneno hamsini, lakini hakuna hata moja lililopotea. Mtembezi alipita kamba zote, akachota maji katika debe na kurudi. Ilikuwa timu ya kwanza kushinda.

Nilipomuuliza amejifunza wapi kuongoza namna hiyo, alinijibu kama mtu anayeshangazwa na swali. “Mwalimu, usiku ngamia haoni shimo. Ukipiga kelele anakimbia. Unaongea pole pole.”

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi akilini. Mtoto huyo alikuwa na elimu kamili ya uongozi, ya utulivu na ya mawasiliano, na katika mfumo wetu wa wakati ule haikuwapo karatasi yoyote ambayo ingeliweza kuirekodi. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulimpima kila mtoto akiwa peke yake, kimya, na kalamu mkononi. Haukumuuliza mtu kama anaweza kumvusha mwenzake gizani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini tulikuwa na kitana kimoja tu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, umeyataja haya kwa majina mazuri: mawasiliano na ushirikiano, kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, ubunifu na ubunaji. Sina ugomvi na orodha hiyo. Hofu yangu ni kwamba tutaifundisha kama nilivyoifundisha pale na kule, yaani katika jedwali ubaoni, na watoto watakariri maana ya ushirikiano kila mmoja peke yake.

Yapo mapingamizi, na ni haki kuyajibu. Mzee mmoja aliyekuwa akifundisha duksi alikuja shuleni kuuliza kwa nini watoto wanachezeshwa mambo ya uchawi. Nilimkaribisha akae chini ya mti atazame. Nilimweleza kwamba katika mchezo wetu hakuna uganga. Penye mlango wa siri, mtoto hutaja tahajia ya neno la Kiswahili, herufi kwa herufi, na akikosea mlango haufunguki. Alitazama kwa muda mrefu, akacheka Dhegdheer alipomkamata mtoto wa jirani yake, kisha akasema, “Maalimu, huyu Dhegdheer sisi tuliogopeshwa naye na mama zetu. Lakini muda wa sala ukifika, mchezo usimame.” Nikakubali, na mchezo ukasimama kila adhuhuri.

Wapo watakaosema kwamba silabasi haingoji. Nao nawajibu kwamba ndani ya majuma mawili darasa langu lilielewa mahali, amri, ukanushi na masharti kuliko lilivyovielewa kwa mihula miwili. Usipogeuka utaanguka: sentensi ya masharti ambayo mtoto ameihisi magotini haihitaji kukaririwa.

Wengine watasema kwamba kushindwa hadharani kutawavunja moyo watoto dhaifu. Nilikuwa na hofu hiyo pia. Nilichoshuhudia ni kwamba katika mchezo, kuanguka ni kwa timu nzima, na kila aliyeanguka aliruka kuomba zamu nyingine. Mtihani humwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Mchezo humwambia kwamba njia ile ndiyo iliyoshindwa, basi tafuta nyingine.

Nikirejea kwa runinga, nina ombi kwa watayarishaji wetu. Hatuwezi tena kusingizia ukosefu wa uwezo. Hadithi za Tinga Tinga Tales zilizoonyeshwa na BBC kuanzia mwaka 2010 zilichorwa jijini Nairobi. Watanzania wameanzisha Ubongo Kids mwaka 2014 kufundisha hisabati na sayansi kwa vikaragosi na nyimbo, na wakaongeza Akili, mtoto ambaye kila alalapo huingia katika nchi ya ndoto kujifunza herufi na hesabu. Mwaka 2021 Kenya ilitoa Super Sema, msichana shujaa anayepambana na dikteta wa mashine. Hizi ni kazi za kujivunia. Ila katika zote hizo mtoto wetu ni mtazamaji, na anayetenda ni kikaragosi. Hata mashindano ya maswali yaliyowahi kutia fora, kama lile la vyuo vikuu la Afrika lililoanza mwaka 2007 chini ya uongozi wa John Sibi-Okumu, yaliwataka washiriki wakumbuke jibu kwa haraka. Bado hatujapata kipindi ambacho mtoto wa kawaida anaingia mwenyewe ndani ya hadithi zetu, ambamo Liongo yuko gerezani akisubiri tupa, Wiil Waal yuko kitini na fumbo lake, na Dhegdheer ametega sikio, na huyo mtoto atoke humo kwa nguvu za Kiswahili chake na uaminifu wa wenzake.

Gharama isiwe kisingizio, maana ngome ya Norwich ilikuwa chumba kitupu chenye rangi ya buluu, na yetu ilikuwa katoni la pasta. Tena nasisitiza kwamba kipindi kama hicho kikitengenezwa, wasichukuliwe watoto wa Nairobi pekee. Nchi hii huiona Kaskazini Mashariki katika runinga kwa nyakati mbili tu: kunapokuwa na mizoga ya mifugo na kunapokuwa na maiti za watu. Mtoto wa Griftu anapojiona huko, hujiona kama balaa. Ningependa siku moja ajione akimwongoza mtoto wa Kisumu kuvuka daraja, na mtoto wa Kisumu akimwamini.

Walimu wenzangu, tusingoje kamera. Uwanja tunao, mawe tunayo, na hadithi tunazo. Nanyi wanafunzi, ombeni zamu ya kuvaa kofia na pia zamu ya kuongoza, kwani aliyevaa kofia peke yake ndiye ajuaye uzito wa neno lililotamkwa ovyo.

Nimalizie na yule mvulana. Mvua za mwisho wa mwaka wa 2020 zilikuwa haba, na za mwaka uliofuata zikakosekana. Septemba 2021 serikali ikautangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Familia yake ikahama na ngamia waliosalia kufuata malisho, naye akaondoka nao, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuwaongoza usiku. Hakuaga. Nilisikia habari hiyo kutoka kwa wenzake, asubuhi moja nilipoita majina. Hadi nilipohamishwa kutoka Griftu hakuwa amerejea, na katika daftari la shule anaonekana kama mwanafunzi dhaifu aliyeacha masomo.

Mimi ninalo daftari jingine. Humo nimeandika kwamba alikuwa mwalimu wangu.